Somo la Wiki: Unaponunua nyumba mtaa tulivu, unanunua na majirani

Katika masomo yetu tumekuwa tukizungumzia mahali pa kuweka akiba: hisa, hati fungani za serikali, akaunti za muda maalumu na kuongeza mtaji wa duka. Leo tunaingia katika jambo ambalo mfanyabiashara wa Kitanzania hulifikiria kabla ya hayo yote, yaani nyumba. Hatutaongelea nyumba ya aina yoyote. Tutaangalia nyumba katika mtaa uliotulia, wenye viwanja vikubwa, miti mikubwa na barabara zisizo na msongamano. Mifano yetu tutaitoa Dar es Salaam, ambako mitaa ya namna hiyo inajulikana: Oysterbay, Masaki, Mikocheni, Regent Estate na Ada Estate. Msomaji wa Arusha, Mwanza, Moshi au Dodoma ataona kwamba kanuni ni zile zile.

Swali la somo ni hili: unapolipa bei kubwa kwa nyumba ya mtaa huo, hasa unalipia kitu gani?

Unacholipia hakimo katika kiwanja chako

Chukua nyumba mbili zinazofanana: vyumba vitatu, bati la aina moja, umri mmoja. Moja ipo Mikocheni katika barabara ya ndani, nyingine ipo mahali penye kelele na vumbi. Ya kwanza itauzwa kwa bei kubwa zaidi. Tofauti hiyo ya bei haitokani na matofali. Ni bei ya kimya, hewa, kivuli, usalama na nafasi. Lakini kimya kinategemea jirani asifungue baa. Kivuli cha barabara kinatoka katika miti ambayo wewe hukuipanda wala huimiliki. Nafasi inategemea jirani asijenge ghorofa sita nyuma ya dirisha lako la kulala.

Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya thamani unayolipia ipo mikononi mwa watu wengine na mikononi mwa mipango miji. Hapo ndipo wanunuzi wengi hujisahau. Hukagua dari, mabomba na milango ya mninga, wakaacha kukagua kitu kilichopandisha bei. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa mtaa tulivu tuongeze: ukishaingia ndani, toka tena nje ukatazame mtaa.

Mitaa hii ilitoka wapi

Utulivu wa mitaa hii haukuja kwa bahati. Wakati wa ukoloni Dar es Salaam iligawanywa katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila eneo lilikuwa na masharti yake ya ujenzi. Uzunguni kulikuwa na viwanja vikubwa, nyumba moja kwa kila kiwanja, na umbali mkubwa kutoka barabarani hadi ukutani. Oysterbay ilitokana na mtindo huo. Baada ya uhuru mipango mikuu ya jiji, ule wa 1968 na ule wa 1979, iliendelea kutenga maeneo ya makazi ya ujazo mdogo, yaani nyumba chache katika eneo kubwa.

Soko huria lilipoanza katikati ya miaka ya 1980, mahitaji yakabadilika. Makampuni, balozi na mashirika yalitafuta ofisi nje ya katikati ya jiji. Wenye nyumba waliona kwamba mpangaji wa ofisi hulipa zaidi ya familia. Nyumba zikawa ofisi, kisha migahawa, kliniki na shule. Anayepita leo Barabara ya Haile Selassie, au Barabara ya Mwai Kibaki iliyokuwa ikiitwa Old Bagamoyo, ataona maduka na majengo ya biashara mahali palipokuwa na bustani za nyumba. Barabara za ndani bado zina miti na kimya, lakini mpaka kati ya biashara na makazi unasogea.

Ni vizuri mnunuzi aelewe jambo hili kwa pande zote mbili. Mtaa unapogeuka wa biashara, nyumba yako hupungua thamani kama makazi, ila ardhi yako inaweza kupanda thamani. Anayenunua ili alale na kulea watoto hupata hasara ya raha. Anayenunua ili auze kiwanja baadaye anaweza kupata faida. Kwa hiyo kabla ya kumpigia dalali simu, jibu kwanza: wewe ni mnunuzi wa aina gani? Ukijaribu kuwa wote wawili kwa fedha ile ile, utalipa bei ya kimya halafu ukae ukisubiri kelele zije zikutajirishe.

Hesabu ya mwekezaji

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuweke hesabu mezani. Namba zifuatazo ni za mfano tu. Weka za kwako.

Tuchukulie nyumba ya sh. milioni 300 ambayo inaweza kupangishwa kwa sh. 1,200,000 kwa mwezi.

Gharama za kununua: ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, yaani sh. milioni 3. Wakili, mthamini, usajili na safari za hapa na pale, tuseme sh. milioni 7. Jumla umetoa sh. milioni 310.

Mapato ya mwaka: ukiacha mwezi mmoja bila mpangaji, unapata pango la miezi 11, yaani sh. 13,200,000. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, sh. 1,320,000. Toa ukarabati wa bati, rangi, ukuta, karo na kukata matawi, tuseme sh. milioni 2. Kinachobaki ni sh. 9,880,000.

Gawanya kwa sh. milioni 310. Unapata pungufu kidogo ya asilimia 3.2 kwa mwaka.

Sasa linganisha na riba za hati fungani za serikali zinazotangazwa na Benki Kuu kila zinapouzwa. Utaona kwamba pango peke yake halimlipi mwekezaji wa nyumba hii. Ikiwa unataka mtaji wako uzalishe asilimia 12 kwa mwaka kwa jumla, thamani ya nyumba inabidi ipande karibu asilimia 8.8 kila mwaka. Kwa miaka 10 maana yake bei ifike karibu sh. milioni 720. Inawezekana, lakini usiihesabu kama fedha iliyo mfukoni.

Vipi kuhusu mkopo? Tangu Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008 na kuanzishwa kwa kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, TMRC, mwaka 2010, benki nyingi hutoa mikopo ya nyumba. Tuchukulie umekopa sh. milioni 100 tu kati ya zile 300, kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 15. Utalipa kiasi cha sh. 1,469,000 kila mwezi, na hadi mwisho utakuwa umelipa karibu sh. milioni 264. Angalia: rejesho la theluthi moja ya bei ni kubwa kuliko pango la nyumba nzima. Mfanyabiashara anayetegemea mpangaji amlipie mkopo atakuwa anaongezea fedha ya duka kila mwezi. Maduka mengi hufa kwa njia hii polepole, bidhaa zikipungua kwenye rafu huku mwenye duka akiitwa tajiri mtaani.

Somo hapa ni kwamba nyumba ya mtaa tulivu hununuliwa kwa sababu mbili zenye maana: kukaa mwenyewe, au kushika ardhi kwa muda mrefu kwa fedha isiyohitajika katika biashara. Anayetaka mapato ya kila mwezi atafute nyumba za vyumba vya kupangisha kwingineko, au hati fungani.

Hati: mambo sita ya kukagua

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inampa mwananchi haki ya kumiliki kwa muda, ambao mwisho wake ni miaka 99. Kwa hiyo unaponunua, unanunua muda uliobaki pamoja na masharti yaliyoandikwa.

1. Miaka iliyobaki. Soma tarehe ya kuanza na idadi ya miaka. Katika mitaa ya zamani hati nyingi zimeshakula muda mrefu. Hati iliyobakiza miaka michache si sawa na hati mpya, hata kama nyumba ni ile ile, na benki italiangalia hilo kabla ya kukukopesha.

2. Matumizi. Hati hutaja matumizi yanayoruhusiwa. Ikiwa imeandikwa makazi na mwenye nyumba amepangisha duka au ofisi, unanunua kosa lake. Kukiuka masharti ni moja ya sababu za kufutiwa umiliki.

3. Upekuzi kwa Msajili wa Hati. Usiridhike na nakala uliyoonyeshwa. Lipia upekuzi rasmi uone jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na pingamizi lolote lililosajiliwa. Mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba watu wanafahamiana, lakini hauchukui nafasi ya daftari la Msajili.

4. Mwenzi wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Pata ridhaa hiyo kwa maandishi mbele ya wakili. "Mama hana neno" si ridhaa.

5. Mirathi. Katika mitaa ya zamani nyumba nyingi zinauzwa na watoto baada ya wazazi kufariki. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba barua ya mahakama, halafu zungumza na warithi wote. Mrithi mmoja aliyesahauliwa anaweza kukuweka mahakamani kwa miaka.

6. Kodi ya ardhi na madeni. Dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Hakikisha pia nani atalipa kodi ya faida ya mauzo. Kisheria ni mzigo wa muuzaji, lakini uhamisho hauendelei mpaka ilipwe. Iandikeni katika mkataba. Kodi ya majengo, tangu 2021, hukatwa kupitia umeme wa LUKU, hivyo angalia kama mita ina deni.

Kuna jambo la saba kwa baadhi ya nyumba tu. Kuanzia mwaka 2002 serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi, zikiwemo za Oysterbay, Masaki na Ada Estate. Mauzo hayo yalikuwa na masharti, yakiwemo ya kuuza tena. Ukiambiwa nyumba ilitoka serikalini, omba mkataba wa mauzo yale na umpe wakili wako ausome kabla hujatoa hata shilingi.

Kukagua mtaa wenyewe

Sasa tunarudi kwenye kile kilichopandisha bei. Nenda mtaani mara tatu, bila dalali.

Mara ya kwanza, asubuhi ya siku ya kazi. Tazama magari: ni ya wakazi, au ni ya watu wanaokwepa foleni ya barabara kuu? Je, kuna shule inayojaza barabara saa moja asubuhi?

Mara ya pili, Jumamosi saa nne usiku. Simama mbele ya geti ukiwa kimya. Ukumbi wa harusi ulio mitaa miwili mbali hausikiki mchana. Muulize mlinzi wa jirani; yeye ndiye anayekesha, na anajua muziki unazimwa saa ngapi.

Mara ya tatu, wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mara baada ya mvua kubwa. Miti mingi na majani mabichi mwaka mzima wakati mwingine ni dalili ya maji yaliyo karibu. Sehemu za Mikocheni na Mbezi Beach ni bonde na njia ya maji, na kuta zilizojengwa kila upande zimeyafungia. Tafuta mstari wa maji ukutani, kizingiti kilichoinuliwa mlangoni, na viroba vya mchanga nyuma ya nyumba. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu Dar es Salaam na kulazimisha wengi kuhama mabondeni. Aidha, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufukwe. Nyumba za bonde la Msimbazi zilizobomolewa Desemba 2015 ni funzo la kutosha. Pima umbali kwa futi kamba, usipime kwa macho.

Halafu tazama viwanja vilivyo wazi na nyumba zilizochakaa. Hizo ndizo zinazobeba siku za usoni za mtaa. Nyumba nzuri ya jirani itabaki ilivyo. Kiwanja kitupu kinaweza kuwa chochote. Nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa uone mchoro wa eneo: kiwanja kile kimetengwa kwa nini? Ghorofa ngapi zinaruhusiwa? Ile bustani iliyo mbele ya nyumba ni eneo la wazi la umma, au ni kiwanja cha mtu ambaye hajajenga? Dalali akisema "hapo hapajengwi kamwe", mwombe akuonyeshe mchoro.

Uliza pia kama kuna maombi ya kubadili matumizi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kubadili matumizi ya kiwanja kunahitaji kibali, na majirani wana nafasi ya kutoa pingamizi. Mtaa wenye kamati ya wakazi inayokutana na kufuatilia vibali una thamani zaidi ya mtaa wenye kuta ndefu ambamo hakuna anayemjua mwenzake. Kamati hiyo haitajwi katika hati, lakini ndiyo inayolinda bei uliyolipa.

Mwisho kagua miti ndani ya kiwanja. Mwarobaini au mkungu uliopandwa karibu na ukuta hupasua ukuta, na mizizi huingia katika karo. Kuikata ni gharama, na kuiacha ni gharama. Hesabu kabla ya kukubaliana bei.

Ikiwa bei ya mitaa ya zamani ni kubwa mno

Msomaji mwenye mtaji mdogo asikate tamaa. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo mapya pembezoni mwa Dar es Salaam, yakiwemo Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada na Tuangoma. Huko viwanja vimepimwa, barabara zimetengwa, na kivuli unaweza kukipanda mwenyewe. Mwembe hauhitaji mkopo wa benki, unahitaji miaka. Daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016 limeifanya Kibada kuwa karibu na jiji kuliko zamani.

Hata hivyo maeneo mapya yana hatari yake. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa mji mpya Kigamboni, na wenye viwanja wengi wakakaa muda mrefu bila kujua kama wajenge, wauze au wasubiri fidia. Kwa hiyo katika eneo jipya, swali la kwanza katika ofisi ya ardhi liwe: kuna mpango gani mwingine juu ya eneo hili?

Utaratibu wa malipo

Usitoe fedha taslimu, na usitoe yote kwa mara moja. Sahihisheni mkataba mbele ya wakili wako, si wakili wa muuzaji peke yake. Lipa sehemu ya kwanza kupitia benki baada ya upekuzi kuwa safi. Baki ilipwe idhini ya uhamisho ikishatoka na nyaraka zikiwa tayari kusajiliwa. Muuzaji anayekuharakisha kwa kuwa "kuna mteja mwingine kesho" mwache auze kesho.

Kwa kumalizia

Nyumba katika mtaa tulivu ni mali nzuri kwa anayejua amenunua nini. Hati inakupa kiwanja. Kimya na kivuli unavipata kwa mipango miji na kwa majirani, na itakubidi uvilinde kila mwaka kama unavyolinda leseni ya biashara yako.

Maswali ya kujipima:

1. Je, nanunua kukaa, au kushika ardhi?
2. Nikitoa fedha hii, duka litabaki na mtaji wa kutosha kwa miezi sita?
3. Hati imebakiza miaka mingapi, na inaruhusu matumizi gani?
4. Kiwanja kitupu kilicho karibu kimetengwa kwa nini?
5. Nimesimama mbele ya geti lile usiku wa Jumamosi na siku ya mvua kubwa?

Ukiwa na jibu la maandishi kwa maswali yote matano, nenda kwa wakili. Likikosekana hata moja, fedha yako ibaki benki kwanza.

Wiki ijayo: hati ya sehemu ya jengo chini ya sheria ya mwaka 2008, kwa wanaofikiria kununua fleti.